Raia wa Tanga 1914: nawapakaje rangi wasifanane?

Mwana_Tabata
Wakuu, habari za jioni. Mimi na wenzangu tunacheza michezo ya vita ya mezani, ile ya kihistoria, kwa visanamu vya milimita 28. Sasa tunaandaa mapigano ya Tanga ya Novemba 1914. Wanajeshi hawanisumbui: askari wa Mjerumani kaki, Wahindi waliokuja na Jenerali Aitken wa Mwingereza nao kaki, kazi inabaki kwenye vilemba na mikanda. Shida yangu ni raia. Nina mfuko wa wapagazi, wanawake wenye mitungi, mzee mwenye fimbo, watoto, na Mhindi mwenye duka. Wote bado hawajaguswa hata na praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia nyingine.

Maelekezo ninayoyakuta mtandaoni ni ya wanakijiji wa Ulaya: ngozi ya waridi, suruali ya kahawia, basi. Ngozi zetu zinajengwaje kwa rangi? Na watu wa pwani mwaka ule walivaa nini? Nataka mtu akiangalia meza aone mji wenye watu.

Kobe_wa_Mbagala
Mkuu, usijitese. Praima, kahawia mwili mzima, rangi mbili tatu za nguo, halafu zimua nyeusi uwamwagie wote, iingie kwenye mikunjo. Mchezaji anasimama mita moja kutoka mezani, hataona pindo la kanga. Kesho jioni unacheza.

MamaPiko_Ilala
Kobe, kwa wanajeshi nakubaliana na wewe. Kwa raia hapana. Askari kavalishwa na serikali, raia kavaa alichonunua mwenyewe au alichopewa. Ukiwamwagia wote rangi moja, umeondoa sababu ya kuwaweka mezani. Pale Posta, Sanamu ya Askari ya 1927 ni mwanajeshi peke yake na bunduki yake. Ile ya Nairobi mpagazi yumo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika Vita ya Kwanza ya Dunia, na Mwingereza alipoichukua Dar mwaka 1916 kambi ya wapagazi wake ikawa hapo Kariakoo tunapoendea sokoni. Watu hao wapewe muda wao chini ya brashi.

Mwanangu wa Tabata, kazi yangu ni kuchora piko na hina kwa maharusi, na visanamu vya mdogo wangu napaka mimi. Nitakueleza ninavyofanya.

Kabla hujashika brashi, amua nani ni nani. Mweusi ti, maji ya kunde, mweupe: tengeneza michanganyiko mitatu kwenye kisahani. Msingi wa wote ni damu ya mzee na kahawia. Nyeusi tone moja tu, kwa yule mweusi ti. Nyeusi ikizidi, uso unakufa. Kwa kivuli chukua kahawia iliyokoza yenye zambarau kidogo, izimue, iache itelemke yenyewe kwenye macho, chini ya kidevu na kati ya vidole. Sehemu zinazopata mwanga, yaani paji, ncha ya pua, mashavu na mabega, rudi kwenye msingi wako uongeze chungwa au manjano ya udongo. Nyeupe usiiguse. Nyeupe ndiyo inayowafanya watu wetu wapauke kama waliotoka kuoga wakakosa mafuta. Viganja na nyayo zina wekundu mwepesi, na wengi wanazisahau. Mpagazi aliyeinua mguu, ukimtazama kwa nyuma, kisigino chake ndicho kinachoonekana kwanza.

Nguo sasa. Merikani ni pamba isiyopaushwa, kwa hiyo ni rangi ya maziwa yenye ukijivu. Hiyo wape wapagazi. Kaniki ni nili iliyokoza hadi karibu na nyeusi. Kwenye mikunjo ongeza bluu na kijivu kidogo. Wape wanawake wa shamba. Kanzu ya mzee ndiyo pekee ifike kwenye nyeupe kabisa, nayo ianzie kijivu chepesi, ije maziwa, nyeupe tupu iguse mabega na migongo ya mikunjo. Mhindi wako mpe nguo nyeupe vilevile, ila kizibao chake kiwe cheusi.

Kwenye kanga usiwe na haraka. Kanga inavaliwa doti, kwa hiyo ya mwilini na ya kichwani ni rangi moja na pindo moja. Anza na kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Ni ya zamani na inasomeka kwa mbali. Maua usijaribu kwa ukubwa huu. Paka nyeupe, ikauke, kisha vuta pindo jeusi nene kufuata ukingo na jembamba jekundu ndani yake. Mji, yaani sehemu ya katikati, ujaze nukta nyekundu zinazofuata mikunjo: kitambaa kinapozama nukta zisogeleane, kinapotokeza ziachane. Hizo nukta ndizo zinazofanya jicho likubali kwamba hii ni nguo imefungwa mwilini. Jina la kanga enzi hizo liliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Vitone na mikia michache juu ya pindo la chini vinatosha. Buibui lilikuwa ndiyo kwanza linaenea, usilivalishe kundi zima.

Brashi yangu ni ya kuchorea kucha, maduka ya vifaa vya saluni wanazo. Kiwiko juu ya meza, kidole kidogo kiegemee mkono wa pili, toa pumzi ndipo uvute mstari. Kwenye hina tunafanya hivyo hivyo.

Na hiyo mita moja ya Kobe ni kweli. Lakini kwa mita hiyo hiyo kisutu na kaniki havifanani, na mchezaji anajua nani wa mjini na nani wa shamba kabla hajainama.

Kobe_wa_Mbagala
Mama, kwa hilo la kisutu nimekubali. Rangi moja nitabaki nayo kwa kaki.

Mwana_Tabata
Shikamoo mama, asante sana. Naongeza mawili. Kwa hewa ya Dar nitumie praima ya spre au ya brashi? Na askari wa Mjerumani walitembea na wake zao na watoto nyuma ya safu. Hao niwavishe nini?

Fundi_Gerezani
La praima nijibu mimi. Spre ya magari inafaa, chagua kijivu au kahawia. Puliza mchana jua likiwa kali, kwa mikono miwili miepesi. Asubuhi na jioni unyevu unaingia kwenye rangi inapokauka, unabaki na unga. Masika tumia ya brashi. Vanishi isiyong'aa nayo ina tabia hiyo hiyo, inaweka ukungu mweupe juu ya kazi yako yote.

MamaPiko_Ilala
Marahaba mwanangu. Askari alilipwa vizuri kuliko mpagazi, kwa hiyo mke wake mpe kanga mpya yenye rangi kali, shanga shingoni na bangili. Kama visanamu vyako vina vitu mkononi, ni sufuria, mkeka, kuku. Hiyo ni kwa Tanga. Mkija kucheza 1917 pausha kila kitu, maana Mjerumani alikuwa amezuiwa baharini, vitambaa haviingii, wakawa wanafuma vyao na kuvitia rangi kwa magome ya miti.

Wapagazi wakishakauka na kupata vanishi isiyong'aa, chukua ile ya kung'aa kwa ncha ya brashi uguse mabega na mgongo: jasho. Na usisahau kata, ule mviringo wa kichwani unaokalia mtungi. Iwe ya majani makavu au kipande cha merikani, ila rangi yake iachane na ya nywele, la sivyo mtungi unaonekana umeota kichwani.