Audacity inanipa frikwensi tofauti kwa chuma kimoja cha ilimba, ipi ni ya kweli?

mjukuu_wa_bahi
Mbukwenyi wakuu. Niko Dodoma mjini ila kwetu Bahi, babu yangu bado anapiga ilimba (ile ala ya Wagogo ya vyuma vya kugusa kwa vidole gumba) na vidole vimeanza kumsumbua, nikaona nipime kila chuma kinalia frikwensi ngapi niandike kwenye daftari, ili mtu akija kuunda nyingine kama ile asianze kubahatisha. Nimerekodi kwa simu nikahamishia kwenye laptop, natumia Audacity, programu ya kuhariri sauti, maana ni ya bure. Sasa chuma kimoja cha katikati nikichora spektra (grafu ya frikwensi zilizomo kwenye sauti) naona kilele kwenye Hz 220 na kingine huko 1,300 na kitu, hicho sikielewi kabisa, halafu nikienda kwenye otokorelesheni ya kawaida inaniletea 220, 110 na 73. Hiyo 110 imetoka wapi jamani? Sikio halisikii besi yoyote pale. Halafu nikitoa namba kwenye faili la teksti mistari inaruka tu 43.066406, 86.132812, 129.199219, yaani katikati hapo hakuna kitu. Na kuna vilele vya 50 na 100 vipo kwenye rekodi zote hata kama ilimba haijaguswa. Msaada.

spana_na_python
Mkuu tuanze na hiyo 43 maana ndo inayokuumiza zaidi. Umerekodi kwa sampo (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde na saizi, yaani idadi ya sampo zinazopimwa kwa mkupuo, umeiacha 1024, gawanya 44,100 kwa 1024 unapata 43.066 na ushee, kwa hiyo programu inapima kwa hatua ya Hz 43 na zaidi ya hapo haioni. Panda hadi 16384 hatua inashuka kuwa Hz 2.7 hivi. Ukienda 65536 inakuwa Hz 0.67, tamu, ila hapo inataka sauti ya karibu sekunde 1.5 na chuma cha ilimba kikishagongwa hakikusubiri hivyo, kinafifia mapema sana, mwisho unapima upepo wa Bahi na kuku wa jirani. Mimi ningekaa na 16384, piga chuma kimoja tu vingine vizuie kwa kitambaa, na usichague pale kidole kinapoachia chuma, anza baada kidogo, maana ule mlio wa kugonga wa mwanzo una frikwensi za kila aina.

110 na 73 ni za uongo na sio za uongo hahaha. Spektra inauliza ndani ya sauti hii kuna frikwensi zipi. Otokorelesheni inauliza kitu kingine, sauti hii inajirudia baada ya muda gani, inachukua nakala ya sauti yako inaisogeza pembeni kidogo kidogo na kila inapoona nakala imelaliana na ile ya mwanzo inaweka kilele. Wimbi la 220 linajirudia kila milisekunde 4.5, sasa kama linafanana na lenyewe baada ya 4.5 basi lazima lifanane pia baada ya 9.1 na 13.6, ukigeuza muda huo kuwa frikwensi ndo unapata 110 na 73. Kwa hiyo soma kilele cha kwanza chenye nguvu, yanayofuata ni marudio. Au chagua ile otokorelesheni iliyoandikwa Enhanced, yenyewe inachukua grafu, inaivuta mara mbili na kuitoa kwenye ile ya mwanzo ili marudio yapotee. Haipatii kila saa ila kwa noti moja moja inafaa.

mzee_wa_mota
Hiyo 50 na 100 ni umeme tu kijana, wa kwetu ni Hz 50. Chomoa chaja rekodi kwa betri, na friji likiwa karibu hama chumba. Mimi natumia hizo grafu kusikiliza mota za mashine ya kusaga, mota ya poli (ncha za sumaku) nne inazunguka chini kidogo ya mara 25 kwa sekunde, ukiona kilele hapo kimekua ghafla kuliko mwezi uliopita kagua kama rota imekaa sawa na beringi ziko salama.

nyimbo_za_cigogo
Kuhusu 1,300 usihangaike, haramoniki (milio ya juu inayoambatana na noti) za waya wa zeze zinapanda mara 2, 3, 4, ila chuma kilichobanwa upande mmoja hakifuati hiyo, mlio wake wa pili kwa hesabu za fizikia unakaa karibu mara 6.27, kwa hiyo 220 na 1,300 na kitu wala si ajabu, chuma kikifuliwa kinene huku chembamba kule inasogea. Andika ya chini hiyo ndo noti.

Ila kaka usije ukafungua programu ya kutunia gitaa ukamwambia babu ilimba imeharibika! Watafiti wa muziki kama Gerhard Kubik waliandika kitambo kwamba sauti za Wagogo zimekaa kwenye haramoniki za asili, hata ile ya saba imo. Chukua 220 yako, haramoniki ya saba ukiishusha oktavu mbili ni 220 mara 7 gawa 4, yaani 385. Gitaa litakudai 392. Hizo Hz 7 ni senti 31 (senti 100 ni hatua moja ya kinanda), sikio linazisikia kabisa, na kwa hatua yako ya 43 usingeziona hata siku moja. Kwa hiyo andika Hz pamoja na uwiano, jina la noti ya kinanda achana nalo.

mjukuu_wa_bahi
Aisee, nimejaribu 16384 na faili lile lile, kuna chuma kimesoma 386! Nimemwonyesha mama hajaelewa ila kafurahi. Je, na ngoma za muheme za Wagogo naweza kupata mzunguko wa mapigo kwa njia hiyo hiyo?

spana_na_python
Kwa Audacity hapana, dirisha lake la sekunde chache tu ni dogo kwa mzunguko wa ngoma. Hamia Python, lugha ya kuandikia programu, chukua ukubwa wa sauti tu bila wimbi lenyewe, punguza sampo ziwe 200 kwa sekunde, halafu tumia scipy.signal.correlate, yenyewe inachagua njia ya haraka, au ukitaka iwekee method="fft". Tuma rekodi nikuandikie.