Waliokimbia Psarades 1949: wana haki ya kurudi au la?

Wakuu, naomba tulijadili hili. Psarades ni kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa Prespa, kaskazini-magharibi mwa Ugiriki. Ng'ambo ya maji ni Albania na Makedonia Kaskazini. Zamani kiliitwa Nivitsa, na wenyeji walizungumza Kimakedonia. Mpaka ulipochorwa mwaka 1913 kikaangukia Ugiriki, na miaka ya 1920 kikapewa jina la Kigiriki.

Kilichokimaliza ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1946 hadi 1949. Prespa ilikuwa ngome ya wapiganaji wa kikomunisti. Mwaka 1948 watoto wa eneo hilo walivushwa mpaka kwenda Ulaya Mashariki. Agosti 1949 ngome ikaanguka, na watu wazima nao wakakimbia. Leo kijiji hakifikishi watu mia mbili.

Desemba 1982 serikali ya Athens iliruhusu wakimbizi warudi, ila wale tu walio "Wagiriki kwa asili". Sheria ya mali ya 1985 ikashika sharti hilohilo. Kwangu huo ni ubaguzi mtupu: wawili wamezaliwa kijiji kimoja, wamekimbia usiku mmoja, halafu mmoja anafungiwa mlango kwa sababu ya lugha ya mama yake!

Mchangiaji: Mkuu, hukugusa siasa za wakati ule. Januari 1949 chama cha kikomunisti kilitangaza kuunga mkono Wamakedonia wajiamulie mambo yao. Athens iliona ardhi yake inamegwa. Na miaka ya 1950 Wavlaki, jamii ya asili ya wafugaji, walihamishiwa Prespa; wanaolima maharage pale sasa utawapeleka wapi?

Mleta mada: Hofu hiyo naielewa, ndugu yangu. Lakini mtoto aliyevushwa mlimani mwaka 1948 alikuwa na njama gani? Tena Juni 17, 2018, hapohapo Psarades, Ugiriki na Makedonia Kaskazini zilisaini mkataba uliomaliza ugomvi wa jina la Makedonia, na ndani yake zikathibitisha kuwa mpaka wao hautaguswa. Hoja ya ardhi kumegwa imebaki na nini? Mvlaki asinyang'anywe hata tuta moja. Aliyepoteza shamba alipwe fidia. Cha kwanza ni kufuta lile sharti la asili.

Wengine mnasemaje: haki hiyo iishie kwa waliozaliwa kule, au ifike hadi kwa wajukuu wao?