JWTZ ni KAR ilobadilishwa jina tu?

Mtoto wa Wete
Asalam aleykum. Juzi barazani kuna mzee kashikilia kuwa JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) ni ile ile KAR (King's African Rifles), jeshi la kikoloni la Muingereza, kavuliwa kofia kavishwa nyengine. Mi skuli nlisomeshwa tarehe tu ya kuundwa JWTZ, 1 Septemba 1964, basi. Kabla ya hapo kulikuwa na nini? Na sisi wa visiwani tuliingiaje, mana Sultani alikuwa na polisi tu mwisho mwisho ule.

Shangani55
Mzee wako kapata nusu. Uhuru wa Tanganyika 1961 KAR ikawa Tanganyika Rifles, maofisa wakubwa wazungu wale wale, na hicho ndo kilowaudhi askari, hicho na mshahara. 20 Januari 1964 wakaasi kambi ya Colito, ndo Lugalo ya leo (Colito ni pahala Ethiopia walipopigana KAR 1941, yani hata jina la kambi lilikuwa la vita vya Muingereza). Nyerere ikabidi ajifiche, tarehe 25 makomando wa Kiingereza wakashuka na helikopta kutoka manowari ya Centaur wakawanyang'anya silaha. Jeshi zima likavunjwa. Sasa kitu kishavunjwa utasemaje kimebadilishwa jina?

Bi Mkunazini
Shangani55 mbona la kwetu umeliruka? Mapinduzi 12 Januari, Nyerere akaleta huku polisi wa bara kama 300, siku chache tu askari wake wanaasi na Dar polisi wamepungua. Hayo mambo yamefungamana yakhe.

Huku nako likaundwa Jeshi la Ukombozi, kamanda Ali Mahfoudh, kafunzwa Cuba huyo. Ukaja Muungano 26 Aprili, ulinzi ukawa jambo la Muungano, ndo wetu wakatiwa humo, na Mahfoudh mwenyewe akaja kuwa kanali wa JWTZ.

Mtoto wa Wete
Ahsante bibi. Na huo muda wa katikati nani alikuwa akilinda bara?

Shangani55
Wanajeshi wa Nigeria. Wakati huo vijana wapya wanaandikishwa, wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama cha Nyerere, mana walitaka askari mwenye siasa kichwani sio bunduki tu. Mkuu wa kwanza Mrisho Sarakikya, na yeye kasoma Sandhurst, chuo cha maofisa wa jeshi, kwa hao hao Waingereza, hapo mzee wako atacheka.

Bi Mkunazini
Na msije mkachanganya na KMKM (kikosi cha kuzuia magendo) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi), hizo za SMZ, serikali ya Zanzibar, hazimo JWTZ.