Picha kali stori mbovu: House of Flying Daggers ni muvi nzuri kweli? Tujadili

Wakuu habari za jumapili. Kuna ubishi tuliuanza jana jioni hapa Chang'ombe Dodoma kwenye banda umiza, banda la kuonyeshea muvi, na mpaka mwenye banda anazima umeme haujaisha, sasa nauleta kwenu. Tuliangalia House of Flying Daggers, ile muvi ya Kichina ya mwongozaji Zhang Yimou ya mwaka 2004, wamo Andy Lau, Takeshi Kaneshiro na Zhang Ziyi. Ilipoisha nusu ya banda wanapiga makofi, nusu tunaulizana hivi imeishaje. Kijana mmoja anayeshuti harusi akasimama akasema stori kasome kwenye kitabu, muvi ni picha, na hii kwa picha hakuna wa kuigusa. Mimi nabisha. Ambaye hajaiona ajue kabisa huku mbele nataja mwisho.

Kwanza nimpe haki yake. Ile sehemu ya ngoma jamani. Mei ni kipofu anacheza katikati ya duara la ngoma, askari Leo anarusha punje moja, inagonga ngoma, Mei anasikiliza halafu anaifuata ngoma ileile na mkono mrefu wa nguo yake, zikarushwa kadhaa, mwisho jamaa akamwaga bakuli zima. Mimi Mgogo, nimekulia kwenye muheme, nimeona mama na shangazi zangu wamebana ngoma mapajani wanapiga mpaka vumbi linasimama, kwa hiyo ngoma kusimulia jambo bila neno hata moja hilo sihitaji kufundishwa. Pale kuna mtego, huyu anamtega mwenzie na mwenzie anajua anategwa, mara mchezo umegeuka kuwa upanga. Picha kali NA stori inatembea. Na ule msitu wa mianzi, kijani kila kona, askari wanapita juu kama nyani wanarusha mianzi iliyochongwa mpaka Mei na Jin, askari mwenzie Leo, wanajikuta kwenye kizimba, banda zima lilikaa kimya. Aliyepanga mapigano ni Ching Siu-tung, mpiga picha Zhao Xiaoding akapendekezwa Oscar kwa kazi hii, na alistahili.

Sasa njooni kwenye stori. Mwaka 859, utawala wa Tang umeoza, kuna kundi, ndilo hilo House of Flying Daggers, linaibia matajiri linagawia maskini. Serikali inamtuma Jin ajifanye anamtorosha Mei ili awapeleke kwenye maficho. Hapo mpango umekaa vizuri, nilikaa wima kabisa. Halafu ndani ya dakika chache unaambiwa Mei si kipofu, wala si mtoto wa kiongozi wa kundi aliyeuawa, na Leo mwenyewe ni mtu wa kundi alipandikizwa serikalini miaka 3. Vyote kwa mpigo! Yaani yale niliyomuonea huruma saa zima yanafutwa na sipewi kitu kingine cha kushika.

Ila hilo ningelisamehe. Kisichosameheka ni lile jeshi. Tunaoneshwa kabisa askari wanaingia msituni, kundi nalo linajipanga kuwasubiri, vita ambayo muvi nzima tumeiandaliwa, halafu basi, hatuioni! Stelingi wawili, Jin na Leo, wanakatana uwanjani kwa ajili ya mwanamke mmoja na wale maskini waliokuwa wanagawiwa hela hawatajwi tena. Theluji ikaanguka katikati ya pambano, walikuwa wanashuti Ukraine ikawahi msimu wake wakaipokea hivyohivyo, na kweli damu kwenye ile theluji inauma kuitazama. Lakini jeshi liko wapi? Nani alishinda?

Mwingine akaleta hoja nzito, kwamba Anita Mui, mwimbaji na mwigizaji wa Hong Kong, alitakiwa kuwemo, akafariki Desemba 2003 kabla hajashuti sehemu yake, na Zhang hakutaka kumuweka mtu mwingine, akabadilisha stori na muvi ikatolewa kwa heshima yake. Uamuzi huo nauheshimu sana na siwezi kumlaumu mtu kwa msiba. Ila mtazamaji wa banda umiza kalipa hela yake na shimo analiona, na rangi haiwezi kuliziba.

Kinachonifanya niandike yote haya ni vijana wetu hapa. Wana droni, wanapaa juu ya mashamba ya zabibu kule Hombolo, wananasa ile jua ya jioni ikigonga mawe ya Mlimwa, ni kazi nzuri mpaka unajivunia mji wako, halafu unamuuliza huyu jamaa anayekimbia kwenye video anakimbia nini, anakujibu "aa mzee angalia rangi kwanza". Yule wa harusi anasema tatizo ni bajeti. Bajeti ya nini? Kumjua mtu wako anataka nini na nani anamzuia unahitaji daftari na peni, na wiki mbili za kubishana na wenzio kabla hujawasha kamera.

Sasa nataka kuwasikia. Ulipoiona wewe lile pambano la watu wawili lilikutosha, au na wewe ulibaki unawasubiri askari watokee? Na mnaoshuti msinijibu kwa kunitajia aina ya lenzi, nitajieni pambano moja ambalo lilipoisha ulikuwa umemjua mtu zaidi ya lilipoanza. Mimi nimeshataja langu, lile la ngoma.