Madarasa rekebishi ya kusoma Kaliua: kundi la kulinganisha tulipateje?

Ulyankulu_Elimu
Habari zenu wakuu. Tunaandaa utafiti wa madarasa rekebishi ya kusoma kwa watoto wa darasa la tatu na la nne kutoka kaya maskini, nyingi za vibarua wa tumbaku. Shule 20, watoto 30 kila shule. Vijana waliomaliza kidato cha nne watafundisha kwa saa moja baada ya vipindi, Februari hadi Julai. Tutachukua walioshika mkia kwenye mtihani wa muhula, halafu mwishoni tuwapime tena tuone wamepanda kiasi gani. Mfadhili anauliza kundi la kulinganisha, yaani watoto wasiopata madarasa hayo, liko wapi. Kamati ya shule moja nayo imesema haikubali watoto wengine waachwe. Pia mfadhili yuko tayari kununua vitabu tu badala ya kulipa vijana posho. Naombeni ushauri kabla hatujapeleka andiko.

Takwimu_Uyui
Ndugu mleta mada, mfadhili ana hoja. Ukichukua walioshika mkia ukawapima tena, wastani wao utapanda hata usipowafundisha chochote. Wapo waliofanya vibaya siku ile kwa sababu ya homa, njaa au kukosa kalamu. Ongeza na miezi sita ya masomo ya kawaida, na huwezi kusema kupanda kumetoka wapi.

Tumieni zamu. Pimeni shule zote 20 kwanza. Kisha ziwekeni jozijozi kwa kiwango cha kusoma na ukubwa wa shule, na kila jozi ipigiwe kura ya bahati nasibu mbele ya walimu wakuu na wenyeviti wa kamati. Kumi zinaanza mwaka huu, kumi mwakani. Hapo hakuna shule iliyonyimwa, na kamati itaona kura kwa macho yake. Kura isipigwe kabla ya kupima, maana wapimaji wakishajua shule ipi imepata, mkono wao unalegea bila wao kujua.

Idadi nayo iangalie upya. Watoto wa shule moja wanafanana: mwalimu mmoja, mazingira yale yale. Tuseme mfanano huo, kwenye kipimo cha 0 hadi 1, ni 0.2. Kwa watoto 30 kila shule unazidisha 29 kwa 0.2 na kujumlisha 1, unapata 6.8. Gawa 600 kwa 6.8: watoto wako 600 wanabeba uzito wa takriban watoto 88 tu wasiofanana hivyo. Watoto hao hao 600 ukiwagawa kwa shule 40, watoto 15 kila moja, kigawanyo kinashuka hadi 3.8 na uzito unakuwa kama 158. Mafuta ya pikipiki yataongezeka, lakini ni heri hivyo kuliko kumaliza utafiti usiojibu swali.

Mwl_Kasulu
Naongezea kwenye upimaji, maana hapo ndipo tafiti nyingi za kusoma zinapoharibika. Mtihani wa muhula ni wa kuandika. Asiyejua kusoma anapata sifuri, na sifuri haikuambii kama amekwama kwenye herufi au kwenye aya. Mpime mtoto mmoja mmoja kwa mdomo: herufi, silabi, maneno, aya, hadithi. Anza na aya. Akishindwa shuka kwenye maneno, akiweza panda kwenye hadithi. Dakika chache zinatosha kwa kila mtoto.

Mpimaji asiwe mwalimu wa darasa. Kaeni mbali na foleni, na muwe na seti nne tofauti za hadithi, kwa sababu mtoto wa kumi ameshaikariri aya kwa kuwasikia wenzake. Maelekezo yatolewe kwa lugha ya nyumbani, iwe Kirundi, Kiha, Kinyamwezi au Kisukuma. Kinachosomwa kibaki Kiswahili. Mtoto akisoma "lala" akatamka "rara", hiyo ni lafudhi, msimkate. Akisoma "mbwa" kama "baba" amekisia kwa herufi moja, na hilo ndilo kosa la kuandika kwenye fomu. Kubalianeni haya wapimaji wote, mfanye mazoezi kwa watoto wale wale hadi alama zenu zilingane.

Mratibu_Kata
Saa za baada ya vipindi zitawapoteza hasa wale mnaowatafuta. Mtoto wa kibarua akitoka shule anakwenda kuchota maji au kufunga majani ya tumbaku, na Februari kazi ya kuchuma na kukausha imepamba moto. Ombeni kipindi ndani ya ratiba.

India walifanya hivyo kule Vadodara na Mumbai kati ya 2001 na 2003: wasichana wakazi wa maeneo yale yale walifundisha vikundi vya watoto 15 hadi 20, saa mbili ndani ya muda wa shule. Alama zilipanda kwa 0.14 ya mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi alama za watoto zinavyotawanyika) mwaka wa kwanza, na 0.28 wa pili. Baadaye mbinu za aina hiyo zilipokabidhiwa walimu bila muda maalumu, hazikuzaa kitu. Jimbo la Haryana huko huko India, walipotenga saa nzima ya siku na kuweka wasimamizi, kusoma kulipanda.

Kuhusu vitabu tu: hapa kwetu Tanzania KiuFunza, mradi wa shirika la Twaweza, ilijaribiwa 2013 na 2014 kwenye shule 350. Ruzuku kwa shule, yaani fedha za vitabu na vifaa, peke yake haikupandisha alama. Ruzuku pamoja na motisha ya walimu ilipandisha. Mpe mfadhili hilo.

Na tengeni fedha za kuwafuata watoro siku ya kupima. Ukiwakuta 22 kati ya 30, wale 8 waliokosekana mara nyingi ndio wenye hali ngumu zaidi, na wastani wako utakuwa wa wenye nafuu. Andikeni mapema jina la mlezi, kitongoji na jirani mmoja, maana msimu ukiisha vibarua wanahama. Majina yawekwe mbali na alama, kila mtoto na namba yake. Mlezi atoe ridhaa, na mtoto naye aulizwe. Barua ya kibali ipite kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ishuke kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kisha afisa elimu msingi, ndipo kata na shule.

Ulyankulu_Elimu
Nashukuru sana wakuu. Je, mtoto wa shule ya zamu ya pili akihamia shule iliyoanza, namhesabu wapi?

Takwimu_Uyui
Shule aliyokuwepo siku ya kura, hata kama amehudhuria madarasa. Ukimhamisha kwenye hesabu, wazazi wanaojituma ndio watakaopandisha matokeo ya kundi la kwanza. Andika tarehe aliyohama na umpime huko huko aliko.