Mbona Mikumi miti imebaki mitupu halafu Udzungwa hapo jirani ni kijani tupu?

Mtoto wa Kidatu
Wakuu habari za jioni. Juzi kati nimepita Mikumi narudi nyumbani, Septemba hii, miti yote imepukutika, vumbi na majani makavu tu chini, ukiangalia unasema huu msitu umeshakufa. Unafika Kidatu unashika njia ya Mang'ula, Udzungwa inakuangalia kijani utadhani mvua imenyesha jana usiku. Watu wanasema ni mvua, sawa, ila hapa home kuna mwembe haupukutiki kiangazi chote na pembeni yake kuna mninga uko uchi kabisa. Udongo ule ule, mvua ile ile. Hii inakuwaje?

Fundi Mbao
Ni mvua tu mkuu. Milima inakamata mawingu ya bahari, bondeni hawapati. Kesi imefungwa.

Mama Miche
Haijafungwa hata kidogo Fundi. Mvua ya mwaka ukiijumlisha haikwambii kitu. Miombo, yaani misitu ya kupukutika kama huo wa Mikumi, ya kaskazini mwa Zambia na Katanga inapata zaidi ya milimita 1000 na bado inapukutisha, maana mvua yote inamwagika msimu mmoja halafu miezi mitano mpaka saba kukavu. Amani kule Usambara Mashariki wanapata kama 1900, lakini kinachoibeba ni kwamba karibu kila mwezi kuna chochote kinadondoka.

Sasa mdogo wangu wa Kidatu, chuma jani la mwembe lililokomaa ulikunje katikati. Linagoma, ukilazimisha linapasuka kwa mlio. Gumu, linateleza kwa nta. La mninga ni jembamba, linakunjika bila ubishi na linanyauka mkononi hujafika hata mlangoni. Hapo ndipo jibu lako lilipo. Jani gumu mti umeligharamia sana na linatengeneza chakula taratibu, kwa hiyo lazima likae muda mrefu ndio lirudishe gharama. Jani jembamba ni la bei rahisi, lina naitrojeni nyingi, linachapa kazi haraka haraka mvua ikiwepo, ila halidumu. Kandambili na buti la ngozi tu hapo. Mwaka 2004 mtafiti wa mimea Ian Wright na wenzake walikusanya takwimu za mimea zaidi ya aina 2500 dunia nzima, wakakuta mpangilio ni huo huo kuanzia jangwani mpaka msitu wa mvua.

Kiangazi kikija jani jembamba linaendelea kupoteza maji wakati ardhini hakuna, hewa ikiingia kwenye mirija ya maji ndani ya shina ndio basi tawi linakufa. Bora kulidondosha. Na haulitupi hivi hivi, kwanza mti unalinyonya, karibu nusu ya naitrojeni na fosforasi inarudi kwenye matawi.

Mfuga Nyuki Tabora
Dada umeeleza vizuri ila kuna kitu hujakigusa. Huku kwetu miombo inachipua kabla ya mvua! Mwishoni mwa Septemba na Oktoba, ardhi imepasuka, jua kali balaa, msitu unageuka mwekundu kama kutu kwa majani machanga, maua yanafuata na sisi tunaanza kuhesabu mizinga. Kama shida ni maji hayo yanatoka wapi?

Mama Miche
Mizizi mirefu kaka, na maji yaliyohifadhiwa kwenye shina. Majani yakishapukutika mti hautumii maji karibu kabisa kwa hiyo shina linajijaza tena taratibu. Faida yake mvua ya kwanza ikidondoka jani limeshakomaa, mti haupotezi hata wiki, na msimu wenyewe ni mfupi. Halafu uyoga ule mnaouza barabarani masika, mwingi unaishi kwenye mizizi ya miombo unaitafutia fosforasi, maana udongo wenu ni maskini.

Fundi usisahau na moto. Miombo iko wazi, nyasi zinaota chini, karibu kila mwaka kunaungua. Miche ya miti ya kijani haivumilii hiyo hata kama maji yapo, ndio maana mpaka wa misitu hii miwili mara nyingi unauona umekatika kama kwa panga.

Mbongo wa Oulu
Mie niko Finland, huku ni kinyume. Kipupwe kinagonga nyuzi ishirini chini ya sifuri na misonobari bado ya kijani, ila mibetula, miti ya huku ya majani mapana, imepukutika. Jani gumu halijali baridi au?

Mama Miche
Hesabu ni ile ile. Msimu wenu wa joto ni mfupi mno, jani gumu haliwezi kulipa gharama kwa msimu mmoja, kwa hiyo linabaki miaka mitano hata zaidi. Mbetula unatengeneza jani jembamba linalojilipa ndani ya miezi michache. Sema Siberia mashariki kwenye baridi kuzidi hapo kuna mlarisi, una majani ya sindano kama msonobari na bado unapukutisha yote.

Fundi Mbao
Haya nimekuelewa. Sasa ule mgunga mkubwa wa mabondeni, faidherbia, una majani kiangazi halafu masika unapukutisha. Huo nao?

Mama Miche
Huo mizizi yake iko kwenye maji ya chini kabisa, kiangazi haukisikii. Wakulima wanaupenda kwa sababu hiyo hiyo, mahindi yakiwa shambani hakuna kivuli, na majani yake yameshaoza kuwa mbolea.