Bangkok hadi Singapore, saa mbili na dakika ishirini: nilipie bizinesi au niache ujinga?

Fundi wa Kisekka

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo.

Mimi nauza spea pale soko la Kisekka, Kampala, hasa za Hilux na Isuzu. Mwezi ujao nakwenda Bangkok, maana Thailand wanatengeneza pikapu nyingi na wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo spea zao zinaingia kwenye magari yetu bila kubembelezwa. Kutoka hapo nakwenda Singapore siku nne kumwona mtu wa magari. Kule gari hupewa kibali cha miaka 10, na kukirefusha ni pesa nyingi, hivyo wengi huyaachia magari yakiwa bado mazima. Na sisi huku sheria inakataa kuingiza gari lililopita miaka 15. Hesabu zinakubaliana.

Tiketi kubwa ninayo: Entebbe hadi Bangkok kupitia Doha, na kurudi naanzia Singapore. Ile ya katikati najitegemea, na hapo ndipo penye shida. Tiketi kubwa inaniruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Hii ndogo, ikonomi, inanipa kilo 25 basi. Bizinesi ni kilo 40. Tofauti ya bei ni dola 240, yaani laki tisa kasoro kidogo za kwetu.

Nina miaka 51. Nimepanda basi la Arua usiku kucha, magoti yamegota kwenye kiti cha mbele na kuku wa mtu chini ya miguu. Saa mbili na dakika ishirini siwezi kusema zitaniua. Lakini tangu nianze kupanda ndege mwaka 2006, kila safari napita pale mbele nikiburuta begi, watu wameshakaa, wameshika glasi, na mimi natazama viatu vyao. Sijawahi kukaa pale hata siku moja. Mama watoto nimemwambia ni suala la kilo.

Je, ni suala la kilo? Mliowahi kupanda bizinesi kwenye hizo safari za karibu za Asia, niambieni mtu anapata nini. Na msinijibu "inategemea".

Kijana wa Malaba

Mzee, saa mbili hata filamu haijaisha. Kaa ikonomi, hizo laki tisa nitumie mimi, nitakupigia picha nzuri nikiwa nimeshika glasi.

Dada wa Tiketi

Kaka Fundi, "inategemea" utaisikia tu, samahani. Nimekata tiketi hapa Kampala miaka 14, na swali lako naulizwa sana na wafanyabiashara wa Kikuubo.

Kwanza angalia ndege, usiangalie jina la daraja. Ulaya kwenye safari fupi, bizinesi mara nyingi ni kiti kilekile cha ikonomi, cha katikati kimeachwa wazi na pazia limevutwa. Unalipia pazia. Asia aghalabu wanakupa kiti chenyewe, ila kuna viti na viti. Kwenye ndege nyembamba, zenye ujia mmoja tu katikati ya viti, nyingi zina kiti kipana, viwili viwili kila upande, kinachoegemea nyuma kidogo. Ni kama kile cha mbele kwa dereva kwenye taksi ya Old Park, ila hapa hakuna abiria wa tatu wa kukubana. Lakini Bangkok na Singapore abiria ni wengi, kwa hiyo hata ndege pana zinapita njia hiyo. Singapore Airlines, kwa mfano, wana Boeing 787-10 za safari za karibu: viti 36 vya bizinesi na 301 vya ikonomi. Hivyo 36 vyote vinalala tambarare, na kila mtu anatoka bila kumruka mwenzake. Hata 737-8 yao, ndege ndogo kabisa ile, viti vya bizinesi ni 10 tu na vyote ni vitanda. Aina ya ndege huwa imeandikwa karibu na namba ya safari. Isome kabla ya kutoa pesa, na ujue shirika lolote linaweza kubadilisha ndege asubuhi yake.

Sasa kilo. Kaka, mama watoto akishika kikokotoo utaaibika. Kilo 15 za ziada ukizinunua mapema mtandaoni ni nafuu kuliko za kaunta, na kwa bei nilizoziona wiki hii, kwa safari fupi kama hiyo hazifiki dola 240. Halafu kilo 40 si begi moja la kilo 40. Likipita kilo 32 hawalichukui, ni kwa ajili ya migongo ya wabebaji. Gawa mara mbili.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa spea: shokomzoba za gesi na mifuko ya hewa ya usukani visiguse begi lako, vinahesabiwa mizigo ya hatari. Kitu kilichowahi kushika mafuta, hata ukikifuta, harufu ikibaki kinatolewa. Bering, gasketi, sensa, vitu vipya kwenye boksi lake na risiti yake, hakuna atakayekusumbua.

Ukitaka njia ya tatu, kata ikonomi kisha usubiri barua pepe ya kutoa dau la kupandishwa daraja. Si kila tiketi inaipata. Ukishinda wanakata kwenye kadi, ukishindwa hulipi kitu. Nimeona watu wamekwenda kwa nusu ya tofauti, nimeona na wengine wamekaa kiti cha katikati wakinuna.

Mzee Koboko

Dada amesema kweli kuhusu harufu. Yangu ilikuwa pampu ya dizeli ya Land Cruiser, ya mtumba. Niliiosha mpaka ikang'aa, nikajiona mjanja. Niliiosha kwa petroli. Kijana wa kaunta akainama, akanusa begi, akanitazama kama aliyemkuta mwizi stoo. Pampu ilibaki hukohuko, mimi nikarudi Koboko na boksi.

Bizinesi sijawahi. Lakini mtu wa miaka 51 akitaka kukaa mbele, akae. Tumezika wangapi waliokuwa wanangoja?

Nipo Jurong

Karibu Singapore, mzee. Jaza kadi ya kuingia mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti yoyote inayokudai dola kwa kadi hiyo ikimbie. Thailand nao wana yao tangu Mei 2025, bure vilevile. Kadi ya njano ya chanjo iwe mfukoni, si ndani ya begi lililoshuka chini.

Pawabenki: mashirika kadhaa ya huku yamekataza kuitumia ndani ya ndege tangu mwaka 2025, baada ya ndege kuungua uwanjani Busan, Korea Kusini, mwezi Januari. Ibebe mkononi, ila usichajie simu.

Na tiketi ikisema unaondoka saa sita mchana na kufika saa tisa na dakika ishirini, usidhani ni safari ya saa tatu na ushee. Singapore iko mbele ya Bangkok kwa saa moja.

Fundi wa Kisekka

Nimerudi, na deni la majibu ninalo.

Nililipa. Sikungoja dau, roho yangu haiwezi kamari. Nilisoma aina ya ndege kama Dada alivyoelekeza, nikaona 787-10, nikabonyeza kulipa nikiwa dukani nyuma ya rafu ya mafuta ya breki, kisha nikafunga simu haraka kama mtu aliyeiba.

Kwanza kuingia Bangkok. Sisi tunaotoka Uganda tunapelekwa dawati la afya kabla ya pasipoti, wanatazama kadi ya njano. Pale foleni ni moja. Mzee mmoja wa suti, aliyekuwa amekaa mbele kwenye ndege ya kutoka Doha, alisimama nyuma yangu akijipekua mifuko yote akitafuta kadi. Nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe.

Siku ya kwenda Singapore nilifika uwanjani mapema kuliko walinzi. Kaunta ya bizinesi haikuwa na mtu. Begi moja kilo 19 na nusu, la pili 20 na robo. Nilikuwa nimepanga risiti zote kwenye bahasha, kila boksi la sensa na namba yake, maana nimezoea kuulizwa maswali. Binti wa kaunta akabandika karatasi, akatabasamu, mabegi yakaenda. Hakuuliza chochote. Nilibaki nimeshika ile bahasha, naona karibu nimwombe aniulize. Pasipoti nayo ilikuwa na njia yake ya haraka. Launji nilikaa dakika 20 tu, nikanywa supu, nikatoka, kwa hofu ya kuachwa.

Kiti changu kilikuwa dirishani. Kina meza ndogo pembeni, soketi, taa ya kusomea, na mbele kuna shimo la kuingiza miguu. Karibu na mkono kuna vitufe vyenye picha: mtu amekaa, mtu ameegama, mtu amelala kabisa. Tukiwa bado chini, milango iko wazi, nikabonyeza huyo wa tatu nione. Kiti kikaanza kunyooka polepole na mimi ndani yake, miguu inasukumwa shimoni, nikashindwa kukisimamisha. Mhudumu akaja, akabonyeza mara moja, kiti kikaniinua kama mgonjwa. Akasema baadaye, tukisharuka. Aliyekaa upande wa pili wa njia hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. Nimemshukuru mtu yule mpaka leo.

Halafu abiria wa ikonomi wakaanza kupita. Kijana mmoja, begi mgongoni na jingine mkononi, alisimama kungoja wa mbele yake, akatazama viatu vyangu. Nami nikavitazama. Cha kulia kina doa la grisi la Kisekka ambalo sabuni imelishindwa. Nikakiingiza chini ya kile cha kushoto.

Sasa chakula, na hapa nisikilizeni. Niliagiza wali wa nazi wa Kimalei, wenyewe wanauita nasi lemak. Kikaja na kitambaa cheupe, uma mzito, sahani ya kauri. Nikatazama: wali, kuku, yai, matango, pilipili nyekundu iliyopikwa ikawa tamutamu, na pembeni kijilima cha karanga za kukaanga zimechanganywa na mukene, wale dagaa wetu wa ziwani.

Walahi, mukene. Najua kule ni samaki wa baharini, jamii nyingine kabisa, lakini ukubwa ni uleule, vijicho ni vilevile, na wamekaangwa wakakauka mpaka wanalia kwenye meno. Nyumbani wakija wengi tunasaga chakula cha kuku. Mimi nimetoa laki tisa nikaenda kula mukene juu ya mawingu, kwa uma mzito. Niliwamaliza wote, nikaomba wengine, wakaleta kwenye kibakuli. Ukichanganya na ile pilipili na wali wa nazi, mama watoto asisikie, wanashinda wetu.

Muda niliupima kwa saa yangu. Toka mlango kufungwa hadi kuruka, dakika 20. Taa ya mikanda, 15. Chakula na chai, 50. Nikabonyeza kile kitufe cha tatu kwa amani, nikalala chali, goti limenyooka lote, dakika 28. Sikupata hata lepe la usingizi. Nilikuwa macho nikitazama dari, mpaka rubani akasema tunashuka.

Kwa hiyo nikijibu swali langu mwenyewe: kwa kilo, Dada alikuwa sahihi, kununua kilo kungekuwa rahisi zaidi. Kwa usingizi, safari ni fupi mno, heri hizo pesa uziweke kwenye ile ya Doha kurudi Entebbe, ambako ndiko goti liliponiuma na nilikuwa ikonomi. Kwa foleni, nilipata, ila siku ile hata foleni ya ikonomi haikuwa ndefu. Nikiulizwa kama nitarudia, mara moja inatosha. Nikiulizwa kama najuta, hapana.

Mama watoto nimemwonyesha picha. Akaitazama sana. Akaniuliza kilo ziko wapi hapo.

Dada wa Tiketi

Nimecheka mpaka mteja ameinuka kwenye kiti. Kaka, uliacha tambarare ya dakika 28 ukaenda kubanwa njia nzima kutoka Doha! Safari ijayo njoo ofisini tupange mapema, tuiingize hiyo ya katikati kwenye tiketi moja na nyingine. Ikikubali, kilo zinahesabiwa kwa pamoja na hutahitaji kumdanganya mtu.

Kijana wa Malaba

Mzee, na magari?

Fundi wa Kisekka

Nimelipia moja. Liko baharini kuja Mombasa. La pili tulishindwana bei, mwenyewe alidhani mimi ni mtu wa bizinesi.

Mzee Koboko

Sensa za Hilux Vigo ulileta? Yangu taa ya injini haizimiki wiki ya pili sasa.

Fundi wa Kisekka

Zipo, mzee wangu. Nitumie namba ya chesisi iliyoandikwa vizuri, si picha ya usiku kwa tochi kama ile ya juzi.